Kalaf: Yaliyoandikwa Katika Ngozi za Mama Zetu



Katika chuo nilichosoma Unguja, tulipofika mlango wa nifasi, maalim wetu alitusomesha hadithi iliyopokewa kutoka kwa Bi Ummu Salama, Mama wa Waumini, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Hadithi hiyo imo katika Sunan ya Abu Daud na ya Tirmidhi. Maana yake ni kwamba wanawake waliojifungua katika zama za Mtume (s.a.w.) walikuwa wakikaa siku arubaini, na kwamba walikuwa wakijipaka warsi nyusoni mwao kwa sababu ya kalaf. Maalim alitueleza zile siku arubaini kwa kirefu, sala inayoanguka na saumu inayolipwa. Alipofika kwenye nusu ya pili ya maneno, alifunga kitabu, akasema hayo ni mambo ya wanawake. Nasi, watoto wa kiume wa miaka kumi na miwili, tukainamisha vichwa.

Nilirudi nyumbani nikamuuliza Bibi, mzaa mama, kalaf ni nini. Akacheka, akanionyesha kwa jicho mke wa ami yangu aliyekuwa ameketi barazani, mimba yake imefika mwezi wa saba. Mashavu yake na paji la uso vilikuwa na mabaka ya kahawia yaliyolingana kulia na kushoto, mithili ya mtu aliyevaa barakoa nyembamba. "Hiyo ndiyo kalaf," akasema. "Mimba ikishuka, nayo huondoka polepole. Ikibaki kidogo, hiyo ni hati ya kazi aliyoifanya."

Nimetumia miaka zaidi ya thelathini ya maisha yangu katika kuandika na kuhifadhi hati za serikali, na leo nimestaafu. Katika makala yaliyopita nimewaletea habari za mababu, majahazi yao, mashamba yao na nasaba zao. Leo naomba mniruhusu niandike habari za hati za namna nyingine, zile ambazo mimba huziandika juu ya ngozi ya mwanamke. Mwanamume wa kizazi changu alifundishwa kugeuza uso mambo hayo yanapotajwa. Sababu iliyonifanya niuvunje ukimya huo nitaieleza mbele.

Kwanza neno lenyewe. Waarabu huyaita kalaf mabaka ya usoni, na jina hilo hilo huyapa madoa yanayoonekana juu ya uso wa mwezi. Kitenzi cha asili hiyo hiyo, kalifa, maana yake ni kupenda mno hadi moyo kushikwa. Na taklifu, neno ambalo Kiswahili kimelipokea, ni kumtwisha mtu mzigo au mashaka. Doa, mapenzi na mzigo vimetoka katika herufi tatu zile zile. Ama warsi, ni unga wa manjano iliyokolea unaotokana na maganda ya mmea wa Yemen, uliotumiwa tangu kale kutia rangi nguo na kupaka mwilini. Kwa hiyo wanawake wa Madina, karne kumi na nne nyuma, walilijua jambo ambalo sisi wanaume tuliruka maneno yake kitabuni. Walijua kwamba uzazi hubadilisha rangi ya uso, wakalipa jina, na wakawa na cha kujipaka.

Bibi hakujua kuandika. Alijua kusoma Msahafu vizuri sana, lakini kalamu hakupewa, kama ilivyokuwa kwa wasichana wengi wa zama zake na kabla yake. Hata Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, anasimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwamba alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baada ya Januari 1964 ukoo wetu ulitawanyika. Wana wa Bibi wengine walikwenda Dar es Salaam, wengine Mombasa, wengine Maskati na Uingereza. Mimi ndiye mjukuu niliyebaki naye na mwenye mwandiko mzuri. Kwa hiyo tangu mwaka 1969 hadi tulipohama sote mwaka 1974, kila barua iliyotoka kwake iliandikwa kwa mkono wangu, yeye akitamka nami nikiandika. Na kwa kuwa binti zake walikuwa katika miaka ya uzazi, sehemu kubwa ya barua hizo ilihusu mimba.

Nilijifunza mengi kwa njia hiyo, bila kujua kwamba najifunza. Bibi aliwaambia wasishtuke wakiona mstari mweusi ukishuka kutoka kitovuni hadi chini ya tumbo, kwani kila mama yake naye aliuona. Aliwaambia chuchu zitakuwa nyeusi na duara lake litatanuka, na vijipele vidogo vitatokeza pembezoni mwake. Aliwaambia michirizi ya tumboni na mapajani itakuja na rangi ya zambarau au nyekundu, kisha itafifia iwe kama nyuzi za fedha, lakini haitafutika kabisa. Aliwaambia makwapa na shingo huenda vikaingia weusi. Haya yote aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya mizigo inayotarajiwa bandarini.

Leo nimesoma yale waliyoyaandika matabibu, na nimeona kwamba orodha ya Bibi ilikuwa sahihi. Rangi ya ngozi hutokana na melanini, inayotengenezwa na chembe maalumu zilizomo katika ngozi. Mimba inapokua, homoni za estrojeni na projesteroni hupanda sana, na pamoja nazo homoni inayoziamrisha chembe hizo zitoe rangi. Mahali palipokuwa na rangi zaidi tangu mwanzo, kama chuchu, hukolea zaidi. Ule mstari wa tumboni upo kwa kila mtu tangu kuzaliwa, ila haukuwa na rangi ya kuonekana. Na usoni jua huikamilisha kazi ambayo homoni imeianza. Ushahidi mwingine ulikuja katika miaka ya 1960, vidonge vya kuzuia mimba vilipoenea Marekani na Ulaya. Matabibu waliwaona wanawake wasio na mimba wakitokwa na mabaka yale yale, kwa sababu vidonge hivyo vina homoni za jamii ile ile. Wafaransa huyaita mabaka hayo barakoa ya mimba. Nilipolisoma jina hilo nilikumbuka kwamba bibi zetu wa Kiarabu, Unguja na Oman, walivaa barakoa ya kitambaa usoni, na kwamba kwa wengine wao ilikuwa barakoa juu ya barakoa.

Lakini si kila tulichokirithi kilikuwa sahihi. Mama zetu waliamini kwamba mimba ya mtoto wa kike humnyang'anya mama uzuri wake, uso ukaingia mabaka, na mimba ya kiume humwacha uso wake safi. Nilidhani itikadi hiyo ni ya kwetu. Kumbe ni ya kale mno. Imo katika Fusul, yaani maneno mafupi ya hekima ya utabibu yanayonasibishwa na Hippocrates wa Ugiriki, kwamba mwenye mimba ya kiume rangi yake huwa nzuri na mwenye mimba ya kike rangi yake huwa mbaya. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu na Hunayn ibn Ishaq wa Baghdad, aliyefariki mwaka 873, na matabibu wa Kiislamu wakakisoma na kukisherehesha kwa karne nyingi. Maneno yakiandikwa kwa Kigiriki, yakafasiriwa kwa Kiarabu, yakahifadhiwa karne hadi karne, hupata heshima ya ukweli. Hata hivyo uso wa mama haujui jinsia ya mtoto. Mke wa ami yangu, aliyetabiriwa binti na nyumba nzima, alizaa mwana wa kiume, naye leo ni babu.

Wala wanawake wetu hawakuwa peke yao katika kuisoma ngozi. Kabla ya kuwapo vipimo, matabibu wa Ulaya walitegemea alama zile zile. Mwaka 1837 tabibu William Montgomery wa Dublin alichapisha kitabu kizima kuhusu dalili za mimba, na alizichunguza chuchu kwa makini hata vile vijipele vya pembezoni vikaitwa kwa jina lake mpaka leo. Ilibidi kungojea miaka ya mwisho ya 1920 ndipo kipimo cha mkojo kikapatikana, na katika miaka ya 1930 kikaja kipimo kilichotumia chura wa Afrika Kusini. Chura jike alidungwa sindano ya mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai kabla siku haijaisha, mimba ilithibitika. Mkunga wa Malindi au Ng'ambo na profesa wa Dublin walikuwa wakisoma kitabu kimoja, tofauti ni kwamba mmoja alichapisha.

Katika pwani yetu ngozi ya mjamzito ilikuwa na matunzo yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yalichapwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, alianza kitabu na habari za uzazi, kwani hapo ndipo desturi huanzia. Kwetu Unguja kulikuwa na liwa, ule mti wa harufu nzuri unaosagwa kwa maji au marashi juu ya msio, jiwe lililotoka baharini. Liwa ilipakwa usoni na mwilini, ikaachwa ikauka. Huko Ngazija na visiwa vyote vya Komoro wanawake hujipaka msindzano, dawa ya namna hiyo hiyo, na hutembea nayo mchana barabarani bila haya. Sitaki kuipa liwa sifa ambayo haikuthibitishwa. Ila jambo moja la msingi ni kweli, kwamba kinga ya kwanza ya mabaka haya ni kuukinga uso na jua. Siku hizi matabibu wa ngozi huwashauri wanawake wenye mabaka watumie mafuta ya kuzuia jua yenye rangi ndani yake, yaliyotiwa oksidi ya chuma, kwa sababu hata mwanga wa kawaida tunaouona huikoleza kalaf, na mafuta yasiyo na rangi hayauzuii. Kwa hiyo ukungu wa rangi juu ya uso wakati wa jua si wazo la kuchekwa.

Kwa tumbo kulikuwa na mafuta ya nazi, na baada ya kuzaa kulikuwa na mkaja, ile nguo ya kumfungia mzazi tumbo lake. Wengi wenu mmelipa mkaja mlipooa, au mmeupokea mlipooza, na huenda hamkuuliza asili yake. Ni fedha apewayo mama wa bibi harusi, na jina lake limetoka katika nguo ile ya uzazi. Maana yake ni kwamba kabla ya binti kutoka nyumbani, desturi inamlazimisha mume akiri kwamba kuna tumbo lililonyooshwa na kufungwa ili binti huyo awepo. Mafuta ya nazi hayakuwahi kuzuia michirizi, na hadi leo hakuna mafuta yaliyothibitika kuizuia, hata yale yanayouzwa kwa bei ya dhahabu. Michirizi huja kwa sababu ya kunyooka kwa ngozi, kwa homoni na kwa urithi. Kule kupakwa na mkono wa mama au wa dada kulikuwa na faida yake nyingine, na wanawake wa ukoo wetu waliozaa ughaibuni peke yao wamenieleza kwamba hicho ndicho walichokikosa zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Katika sanduku langu nimehifadhi nakala ya barua moja ya mwaka 1970, aliyoandikiwa khalati yangu mkubwa baada ya kuolewa katika nyumba ya watu wenye kujivunia weupe wao. Alikuwa ameandika kwamba uso wake umeingia mabaka na mama mkwe ameanza kuuliza maswali juu ya asili yake. Bibi alimjibu ajifunike asitoke, na ajisugue ndimu. Ni barua pekee ambayo Bibi alinikataza kuisoma kwa sauti nilipoimaliza.

Sikuielewa wakati ule. Nimeielewa nilipoanza kukusanya shajara ya ukoo wetu. Shajara hiyo inapanda kwa majina ya wanaume hadi Oman, jina juu ya jina, pasipo pengo. Lakini pembeni, mahali pa mama, kuna nafasi nyingi tupu. Mama mzaa bibi yangu alikuwa suria aliyeletwa kutoka upande wa Nyasa. Kwa sheria yetu watoto wake walikuwa huru na walirithi sawa na ndugu zao, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini jina lake hatukuliandika. Alilala katika ngozi zetu, na katika nyumba zilizoogopa kukumbushwa habari zake, doa jeusi juu ya shavu la mjamzito lilisomwa kana kwamba ni yeye amerudi kudai nafasi yake. Nakiri haya kwa uchungu. Kalaf humjia mweupe na mweusi, Mwarabu, Mhindi na Mzungu, nayo haina habari yoyote ya nasaba. Hofu ndiyo iliyokuwa yetu.

Ama ndimu, haikumsaidia khalati. Maji ya ndimu juu ya ngozi, kisha jua likaipiga, huunguza na kuacha weusi mkali kuliko ule wa kwanza. Ndivyo ilivyokuwa.

Hofu hiyo haikubaki Unguja. Tulihama nayo. Miaka kadhaa iliyopita binti wa jamaa yetu hapa Maskati, mimba yake ya kwanza, alinunua kopo la mafuta ya kung'arisha uso katika duka ambalo sitalitaja. Kopo halikuwa na orodha ya vilivyomo. Uso ulin'gaa wiki tatu, kisha ukavimba, ukachubuka, na tabibu alipoambiwa habari za kopo lile aliogopa zaidi kwa ajili ya mtoto kuliko uso. Baadhi ya mafuta ya namna hiyo huwa na zebaki, ambayo hupenya ngozi, huingia katika damu, hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, nayo hudhuru ubongo na figo. Mengine huwa na steroidi kali au haidrokwinoni ya kiasi kisichojulikana. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni. Biashara haijakoma, kwa kuwa wanunuzi hatujakoma. Mtoto wa binti yule alizaliwa salama, alhamdulillahi. Nilipomuuliza ni nani aliyemwambia kwamba uso wake unahitaji dawa, alinitajia watu watatu, wote wa ukoo wetu.

Imebaki barua moja, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 1972 Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu, alikuwa Dar es Salaam na mimba ya mwezi wa nane. Barua yake ilifika, nikamsomea Bibi. Alilalamika kwamba anawashwa. Hakuwa na vipele wala ukurutu, ngozi ilikuwa safi. Alisema mwasho uko zaidi katika viganja vya mikono na nyayo za miguu, na usiku humzidi hata hulala miguu yake ndani ya beseni la maji. Bibi aliisikiliza, akanitamkia jibu. Kwamba mwasho ni nywele za mtoto zinaota, kwamba kila mimba ina adha yake, ajipake mafuta ya nazi yenye karafuu na asome dua aliyomtajia. Niliiandika kwa mwandiko wangu bora kabisa. Nakumbuka niliipamba herufi ya kwanza.

Barua ile ilipofika, mtoto alikuwa amekwisha acha kucheza tumboni. Alizaliwa maiti, wa kike, ametimia. Watu walisema jicho. Mama Mdogo alipata mimba nyingine baada ya miaka mitatu, na mwasho ukarudi vile vile. Safari hiyo, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, tabibu alimzalisha mapema kwa sababu nyingine, na mtoto akaishi.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu maradhi ya ini yanayotokana na mimba, ambayo nyongo hushindwa kupita vizuri, asidi zake zikajaa katika damu. Mwaka 1883 tabibu Mjerumani Friedrich Ahlfeld alieleza wanawake waliopata manjano katika mimba, yakaondoka walipojifungua, yakarudi walipobeba mimba nyingine. Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini maradhi hayo yalichunguzwa sana Sweden na Chile, ambako yameonekana kwa wingi. Dalili yake kuu ni mwasho bila vipele, zaidi viganjani na nyayoni, mkali zaidi usiku, aghalabu katika miezi mitatu ya mwisho. Mama hupona baada ya kuzaa. Hatari ni kwa mtoto, na asidi hizo zikizidi sana, hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka. Kipimo chake ni cha damu, na tabibu akijua, humfuatilia mama kwa karibu na anaweza kuamua mtoto azaliwe kabla ya siku zake. Huweza kurudi katika mimba inayofuata, na katika baadhi ya koo hurithiwa.

Sina hati ya tabibu ya mwaka 1972, na mimi si tabibu. Lakini niliposoma maelezo yale nilikuwa kama ninayeisoma tena barua ya Mama Mdogo, neno kwa neno, hadi lile beseni la maji. Bibi hakufanya hiana. Alikuwa amezisoma alama za ngozi maisha yake yote, na takriban zote ni za kupita, na ndiyo maana alimwambia mwanawe apoe. Alama hii moja haionekani kwa jicho, kwa kuwa ngozi hubaki safi, nayo ndiyo isiyokuwamo katika orodha yake.

Kwa hiyo nina ombi kwenu, hasa mnaohifadhi shajara za koo zenu. Mabaka ya usoni, mstari wa tumboni, weusi wa chuchu na michirizi yaacheni yapite au yabaki, wala msimfanye mwanamke ayaonee haya. Mjamzito akisema anawashwa viganja na nyayo, apelekwe kwa tabibu siku hiyo hiyo, na aliseme jambo hilo waziwazi hata kama hakuulizwa. Na katika daftari la ukoo, pamoja na majina ya mababu, andikeni majina ya mama, na yaliyowapata katika mimba zao. Waulizeni waliobaki hai. Binti wa mjukuu wenu atakayezaa Leeds au Toronto mwaka 2050 ataulizwa na tabibu kama jambo hilo limewahi kutokea kwao, naye hatakuwa na wa kumuuliza ila daftari hilo.

Mimi nimeanza. Katika shajara yetu nimeandika mtoto wa kike wa Mama Mdogo, Dar es Salaam, 1972, na mbele yake nimeeleza mwasho wa mama yake. Juu, pembeni ya jina la mzee wetu, nimeandika mama yake Bibi, wa Nyasa. Jina lake nililipata kwa Mama Mdogo mwenyewe, ambaye sasa ni kikongwe. Alikuwa amelihifadhi muda wote huo, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wabillahi tawfiq.